Elisi Niliyomnunulia Baba Yako

Likasi, nyumbani, siku ya mwisho kabla ya gari-moshi lako

Masengo mwanangu,

Umekwenda mtaa wa Panda kumuaga bibi yako, na sasa mvua imekufungia huko. Naomba isikatike mapema, maana nataka barua hii iwe imekwisha kufungwa kabla hujaingia mlangoni. Ukinikuta naandika utataka kusoma juu ya bega langu kama kawaida yako, nami nitashindwa kuendelea.

Sitakuandikia juu ya safari. Shangazi wa mume wako Ilunga anakwenda nawe mpaka Kinshasa. Ameipita njia ile mara nyingi, anajua ni steshoni gani wanauza mihogo mizuri na ni ipi haifai kushuka. Mambo ya jikoni unayajua kunishinda. Ya ndoa, padri ameyasema mbele ya watu wote, na maneno yake yalikuwa mazuri. Soma barua hii gari-moshi likishapita Tenke, likielekea Kamina, mahali ambapo huwezi tena kushuka urudi kuniuliza swali jingine.

Swali moja umekwisha kuniuliza. Siku ile tulipokuwa uani tunapara samaki, ulisema bila kuniangalia: "Mama, juu ya nini ulileta ile elisi bila kumuambia baba?" Nilikujibu kwamba maji yamekwisha, nenda ukachote. Ulichukua ndoo ukaenda, na pipa lilikuwa limejaa. Ulijua na mimi nilijua. Tangu siku ile nimekuwa nalitafuta jibu, na kila nikilipata kinywani nakuta kuna mtu mwingine chumbani.

Wakati ule ulikuwa mtoto. Uliyaona mambo nusu nusu, ukayaunganisha mwenyewe jinsi watoto wanavyofanya. Nadhani katika kuyaunganisha kwako mimi ndiye niliyeua mashua yetu kwa elisi ile, na baba yako ndiye aliyevumilia. Siandiki ili nikuondoe huko. Nataka tu uijue na nusu ile nyingine, kwa sababu unakwenda kuishi na mtu.

Unamkumbuka baba yako akiwa ziwani. Mimi namkumbuka kabla ya hapo, alipokuwa fundi wa vyuma katika atelie ya kampuni ya migodi. Alikuwa akirudi jioni na mikono inanuka mafuta, na kabla ya kula alikuwa akiniambia siku yake: chuma gani kililetwa kimeharibika, walikitengeneza vipi, kikarudi kazini. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya meza yetu, hii hii ninayoandikia, akaniambia ni wapi seremala alikosea. Nilikuwa nikicheka. Halafu macho yake yakaanza kuchoka. Miaka ya kukaa karibu na moto wa kuchomelea iliyamaliza. Alipoona hawezi tena kusoma vipimo vidogo aliwaambia wakubwa wake mwenyewe, akaondoka na haki yake mkononi, pesa ya miaka yote ya kazi. Hakuna aliyemfukuza. Hilo ulishike vizuri, kwa sababu baadaye nitaandika neno nililolisema, nalo halikuwa hata la kweli.

Mwaka ule ndio maduka ya wageni yalikuwa yanachukuliwa na serikali na kupewa wananchi. Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua samaki ziwani, upande wa juu wa baraji ya Mwadingusha, ule ukuta unaozuia mto Lufira, alikuwa anafunga virago, akauza mashua yake kwa yeyote aliyekuwa tayari. Baba yako akaichukua. Mashua ilikuwa ya mbao, nzuri, na motere yake ya nyuma, injini inayozungusha elisi majini, ilikuwa ya zamani lakini ikiwaka bila kusumbua. Tukakodi chumba karibu na maji. Wewe ukabaki Panda kwa bibi yako kwa sababu ya shule, ukawa unakuja kwetu wakati wa likizo. Baba yako alikuwa akizunguka kwenye kambi za wavuvi ng'ambo, anabeba samaki na watu, na mimi napanda lori na vikapu mpaka sokoni Likasi.

Miaka ya kwanza ilikwenda vizuri. Nasema hivi kwa sababu ukiniona leo unaweza kufikiri nililichukia ziwa tangu mwanzo. Sikulichukia.

Lakini unajua ziwa lile lilivyo. Walipolijengea baraji, maji yaliumeza msitu mzima, na miti iliyokufa bado imesimama chini, mingine juu, mingine imefichwa kidogo tu. Elisi ilikuwa ikigonga visiki. Kila mara ilirudi na jeraha jipya, na mchanga wa pwani ukawa unailamba, mpaka mapanga yake matatu yakawa membamba kama sabuni inayokwisha. Motere ikawa inalia sana na mashua haiendi. Safari iliyokuwa ikimalizika asubuhi ikawa inatufikisha jua likiwa kali, na samaki wa kwenye jua unawajua mwenyewe. Wanawake wa sokoni waliokuwa wakinigombania wakaanza kuinua matamvua ya samaki wangu na kunusa, kisha wanasogea kwa mwenzangu bila kusema kitu.

Nikamwambia baba yako tunahitaji elisi mpya. Akaniambia ile bado ni nzima, ataitengeneza.

Akaileta hapa Likasi kwa rafiki yake Banza, yule fundi wa kuchomelea aliyekuwa naye kazini zamani, mwenye kibanda nyuma ya nyumba yake mtaa wa Kikula. Nilikwenda naye siku ile kwa sababu nilikuwa na safari ya sokoni. Banza akajaza shaba kwenye kingo zilizoliwa, baba yako akakaa chini na tupa akaanza kuikwangua. Alikuwa hatazami sana. Alikuwa akipitisha kidole gumba, anakwangua, anapitisha tena. Kisha akaipenyezea msumari katikati, akaishika wima aone panga gani linashuka, akakwangua hilo, mpaka ikawa inakaa popote anapoiweka. Akaninyooshea. "Mama Masengo, shika." Uso wake ulikuwa uso wa yule mtu aliyekuwa akirudi jioni na mikono ya mafuta.

Niliuona uso ule, Masengo. Ndilo jambo linaloniuma kuliko yote. Niliuona, nikaupita, nikafikiria samaki.

Elisi ile ya kutengenezwa ilikwenda vizuri kwa muda, kisha ikagonga tena, ikaliwa tena, akairudisha kwa Banza tena. Kila ilipotoka ilikuwa na alama nyingi zaidi na ndogo kidogo kuliko mara iliyopita. Nikaanza kumsema. Mwanzo nilisema kwa upole, tukiwa tunakula. Baadaye nikawa nasema nikiwa nafua, nikiwa nawasha moto, nikiwa nampa mgongo. Nilimwambia kwamba kuna mfanyabiashara Lubumbashi anayeleta vitu vya motere kutoka ng'ambo ya mpaka. Alijibu kuwa tutaangalia. Mwezi ukapita, nikasema tena, akajibu tutaangalia. Hakukataa hata siku moja. Kama angekataa, ningeuliza kwa nini, naye angelazimika kunieleza. Lakini "tutaangalia" haina mlango wa kuingilia. Nikawa nazunguka nje yake kila siku.

Siku ya baraji ulikuwepo. Nitaisimulia hata hivyo, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho.

Ilikuwa likizo, katikati ya masika, na Lufira ilikuwa imejaa rangi ya matope. Tulikuwa tunarudi kutoka kambi za ng'ambo na wanawake wa samaki, mzee mmoja na mbuzi wake, na wewe umekaa mbele juu ya kamba. Tulipokuwa tunapita upande ambapo ziwa linabanana kuelekea baraji, nikasikia motere imepiga kelele kali, kisha mashua ikatetemeka yote kama mtu mwenye homa. Baba yako akaizima. Akaiinua. Panga moja lilikuwa halipo. Lilikuwa limekatika pale pale Banza alipolijaza.

Mwanzo hakuna aliyeelewa. Kisha mwanamke mmoja akasema miti inasogea, nasi tukatazama, tukaona ni sisi tunaosogea. Walikuwa wamefungua maji kwenye baraji kwa sababu ya mvua, na tulikuwa tunavutwa kule polepole, bila sauti. Baba yako akajaribu kuwasha motere na mapanga mawili yaliyobaki, lakini mtetemeko ukataka kung'oa ubao wa nyuma. Akaizima tena, akachukua kasia, akatuambia tupige maji kwa chochote. Tulipiga kwa vifuniko vya sufuria, kwa mabeseni, kwa mikono. Yule mzee alikuwa akisali kwa Kibemba. Mimi nilikuwa nakuita uje katikati nawe huji. Ulikuwa umeishika kamba, macho umefumba, na mdomo wako umefungwa kabisa. Hukulia. Watu wakakusifu baadaye kwamba mtoto huyu ni jasiri. Mimi nilijua si ujasiri.

Tulishika mti. Baba yako ndiye aliyeurushia kamba, ikashindwa, akairusha tena ikanasa. Tukakaa pale tumefungwa kwenye mti uliokufa kabla hatujazaliwa, maji yanatupita pande zote mbili, mpaka wavuvi wenye mitumbwi walipotuona wakaja kutuchukua wachache wachache.

Hatukufa hata mmoja. Mbuzi naye alipona. Lakini tulipokuwa bado tumefungwa pale, hofu ilipoanza kunitoka, iligeuka kitu kingine, na nikamwambia baba yako mbele ya watu wote, mbele yako, neno hili. Nitaliandika kama nilivyolisema, kwa sababu najua unalikumbuka:

"Ile société ya migodi ilikutupa, na weye unashindwa kutupa ata kipande ya chuma."

Alikuwa ameshika ncha ya kamba, akaizungusha mkononi mara nyingine ingawa ilikuwa imekaza. Wale wanawake wakatazama maji. Na wewe ukafumbua macho ukaniangalia.

Siku zilizofuata aliivuta mashua nchi kavu akaipindua. Ile elisi iliyovunjika akaiweka kwenye gunia bila kuipeleka kwa Banza. Nilikuwa nangoja anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo. Yeye aliniuliza kama chumvi ipo. Aliniambia paa linavuja upande wa kitanda. Alinisalimia asubuhi. Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda kwake nikaomba msamaha, na kweli nilikwenda mara kadhaa mpaka mlangoni. Ila kuomba msamaha kungekuwa kulitaja neno lile tena, na mimi sikutaka lisikike mara ya pili ndani ya nyumba. Basi nikatafuta kitu cha kufanya badala ya kitu cha kusema.

Nikauza cherehani yangu, ile niliyoipata kwa masista nilipomaliza masomo ya ushonaji. Nikapima elisi ya kwenye gunia kwa uzi, kutoka ncha mpaka ncha, baba yako akiwa amekwenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kusafisha barabara. Nikamwambia naenda Lubumbashi kumwona dada yangu mgonjwa. Dada yangu alikuwa mzima.

Yule mfanyabiashara aliniita citoyenne, yaani mwananchi, akaniuliza motere ni ya aina gani na nguvu yake kiasi gani. Sikujua. Akaniuliza kama nimeleta ile ya zamani. Sikuileta, kwa sababu kuichukua kungeonekana. Nikampa uzi. Akaulaza juu ya elisi kadhaa, akapata moja, akasema inaenea. Nayo ilikuwa inaenea kweli kwa upana. Hakuna aliyeniambia kwamba mapanga ya elisi yana namna yake ya kujipinda, kwamba mbili zinaweza kulingana kwa uzi mmoja, moja ikawa inasukuma maji kidogo na nyingine inayabeba mengi. Ilikuwa mpya, inang'aa. Niliifunga ndani ya kitenge changu kizuri, nikaipakata njia yote ndani ya gari kama mtoto mchanga.

Nilimpa jioni, kabla ya chakula. Akafungua kitenge. Akaishika muda mrefu. Kidole gumba kikapita juu ya panga la kwanza, la pili, la tatu, kikarudi kwenye la kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale namtazama usoni, na nilichokuwa nangojea ni ule uso wa kibanda cha Banza.

Akasema, "Ni muzuri."

Kesho yake akaifunga kwenye motere.

Unajua kilichofuata, maana ulikuja likizo ya mwisho ukakuta tunakula kwa ukimya. Siku za mwanzo mashua iliruka. Watu wa kambi walikuwa wakisimama kuitazama. Nikatembea sokoni kichwa juu. Kisha motere ikaanza kuchemka. Ikawa inavuta pumzi kwa shida kama mzee anayepanda mlima, inatoa moshi, na baba yako akawa anaizima katikati ya safari ipoe. Siku moja ikazimika ikakataa. Vitu vya ndani vilikuwa vimeshikana kwa joto, havizunguki tena. Alirudi nyumbani kwa kasia kutoka ng'ambo, jua lote mgongoni, akaingia, akanawa mikono, akala. Hakusema ni elisi. Nilipouliza motere imekuwaje, alisema ilikuwa imezeeka.

Nikaamini. Au tuseme nilipenda kuamini.

Mashua ikauzwa bila motere, tukarudi Likasi. Mengine umeyaona mwenyewe: yeye anatengeneza baiskeli na sufuria hapa mlangoni, mimi nanunua samaki kwa wenye mashua nauza. Tunaongea. Hakuna anayeweza kusema hatuongei. Tunaongea juu ya mvua, bei, salongo, ugonjwa wa jirani.

Sasa nakuandikia kitu usichokijua, ambacho hata mimi nilikuwa sikijui mpaka siku watu wa mume wako walipoleta mahari. Banza alikuja kukaa upande wetu kama ndugu wa baba yako. Mambo yalipokwisha, wageni wakiwa wanaaga, alibaki uani na glasi yake akanisaidia kukusanya viti. Akaanza kuongea juu ya zamani, akafika kwenye ile elisi, akidhani ni habari ninayoijua. Akasema:

"Alijua, mama. Siku ile ile ulimuonyesha. Alikuya kwangu kisha kuifunga, akasema ile elisi ni nzito juu ya ile motere, itaiua."

Nikaweka kiti chini. Banza akanieleza kwamba motere ilikuwa inakufa tangu zamani, na baba yako alikuwa anajua. Elisi iliyolika ilikuwa nyepesi, haiisumbui, ndiyo maana iliendelea kuishi. Kwa hiyo kila alipoitengeneza alikuwa anaiacha nyepesi kusudi. Kununua mpya kungetaka motere mpya, na motere mpya ilikuwa ndoto. Ndiyo sababu alikuwa akisema tutaangalia. Hakutaka kuniambia kwamba kile alichonunua kwa haki yake ya miaka yote kilikuwa kimebakiza muda mfupi.

Nikamwuliza kwa nini basi aliifunga.

"Minye pia nilimuuliza. Alisema: kama minakatala, ataona ni juu ya ile maneno."

Banza akamaliza glasi yake akaenda nyumbani. Mimi nilimaliza viti.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Nimepika nalo harusi yako. Wewe ulipokuwa unacheza na wenzako, mimi nilikuwa namtazama baba yako amekaa na shati lake jeupe, nafikiria kwamba mtu huyu aliifunga kwa mikono yake elisi aliyojua itamuulia kazi, ili mimi nisidhani ana kinyongo. Na alikuwa nacho. Naye alikuwa na haki ya kuwa nacho. Kila mmoja wetu alikuwa anajua jambo asilolijua mwenzake: yeye alijua motere, mimi nilijua sokoni kulivyo. Tungekaa jioni moja tukayaweka yote mawili mezani, labda tungeamua kuitengeneza ile ya zamani tena na kuacha kupita upande wa baraji wakati wa masika. Labda tungeuza mashua ikiwa bado na motere inayowaka. Labda tungekosea vilevile. Mpaka leo sijui kipi kilikuwa sahihi, kutengeneza au kununua. Ukiulizwa na mtu, usiseme kwamba mama yako alijua.

Sababu ya kukuandikia haya ni kitu nilichokiona mwezi jana. Ilunga alikuuliza mbele yetu kama unataka chumba karibu na shule anakofundisha Kinshasa au kule kwa ndugu zake. Ukamjibu, "Vile unataka." Ulisema vizuri, kwa adabu, na mama mkwe wako akafurahi. Lakini mdomo wako ulifungwa vile vile kama siku ile juu ya kamba. Ninaujua mdomo ule. Ni wa baba yako. Na siku utakaposhindwa kuuzuia, ninaogopa kwamba kitakachotoka kitakuwa ni changu.

Mtafika Ilebo, mtatoka kwenye gari-moshi mtaingia kwenye meli ya mto. Tangu siku ya baraji hujakanyaga chombo cha maji hata kimoja. Umekuwa ukisema huna nafasi, una masomo, kichwa kinauma. Shangazi yule hajui, wala Ilunga hajui, nami sikuwaambia kwa sababu si langu kusema. Ukiogopa, mwambie shangazi kwamba unaogopa. Mwambie kabla hamjapanda, si mkiwa katikati ya mto. Sijui atakujibu nini. Pengine atakucheka. Lakini atakuwa anajua amekaa na nani.

Hapa nilikuwa nimefikiri kumaliza. Lakini baba yako ameingia amelowa, akavua viatu, akaniuliza naandika nini muda wote huu. Nilitaka kumwambia ni vitu vya sanduku. Nikamwambia ni barua yako. Akasema nimsomee, maana macho yake hayawezi tena.

Nimemsomea, Masengo. Nilifikiri nitaruka mahali fulani, na nilipofika hapo mvua ikawa imepungua na sauti yangu ikawa inasikika nyumba nzima, nikasoma. Nimesoma lile neno. Nimesoma ya cherehani na ya dada yangu aliyekuwa mzima. Nimesoma ya Banza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni ananipa ubavu, anafuta mnyororo wa baiskeli ya mtu. Nilipofika kwenye maneno aliyomwambia Banza, mkono ulisimama. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Amerudia kufuta mnyororo. Nilidhani yamekwisha hapo, kama kawaida yetu. Kisha akasema kwamba ile motere aliona haya kuniambia. Akasema alikuwa anaitengeneza ile elisi anafikiri, labda mwaka mmoja tena. Hakuniangalia. Nikamwambia kwamba lile neno langu halikuwa la kweli. Akasema anajua. Akasema liliuma hata hivyo.

Hatukusema mengi zaidi ya hayo. Sitakudanganya kwamba nyumba imebadilika. Ameinuka, amekwenda kutazama kama mvua inakatika ili akufuate Panda na mwavuli. Akiwa mlangoni amerudi hatua moja ndani.

"Andika tena kitu moja," amesema. "Mwambie minye ndio nilifunga ile elisi. Mikono ilikuwa yangu."

Nimeandika.

Mungu akutangulie kwenye reli na kwenye maji, mwanangu. Baba yako alikwisha kutoka kukufuata, na sasa nasikia sauti zenu barabarani.

Mama yako